Meno Yasiyo na Tundu

Ulimwona. Usikatae, ulimwona. Siku ya soko, pale penye wauza ndizi, mtoto wa kike kakaa mabegani mwa mjomba wake, kacheka, nawe ukaona fizi zilizotuna, nyekundu kama nyama mbichi, na mapengo mahali pa meno. Ukageuza shingo. Ukamnong'oneza mwenzako, "Hao ndio watu wa sukari, watoto wao wanaoza midomo kwa utamu," kisha ukainama ukachagua donge kubwa la sukari yao ukaenda nalo kwako. Na kabla ya mtoto huyo ulimwona mjomba mwenyewe, enzi zile akiwa kijana wa shule anayezungumza kaziba mdomo kwa kiganja, na hukumuuliza ana nini. Sisi wa mlimani tumekosa mengi, lakini kumbukumbu hatujakosa.

Basi sikiliza sasa, maana wakati ule hukutaka.

Mtoto aliitwa Cenning, jina ambalo kwa Kibugis, lugha yetu, ni utamu, na utamu alikuwa nao. Miaka mitano, mdomo hautulii. Mjomba wake, Beddu, kaka wa mama yake, alikuwa mgema na mpika sukari. Asubuhi hupanda mitende ya sukari kuteremsha utomvu, mchana huupika katika karai kubwa mpaka ugeuke rangi ya udongo. Watu walipenda kumtazama akiipua, kwa kuwa hakutumia kitambaa. Alilishika karai linalotokota kwa mikono mitupu akalitua chini taratibu kama anayelaza mtoto. Viganja vyake vilikuwa na ngozi nene ya manjano, ngumu kama soli, yenye mipasuko. Cenning naye alianza kuwa nayo kabla hajajua kutembea vizuri, viganjani na nyayoni.

"Ngozi ya ukoo hiyo," husema bibi yake, Nene Mare, yaani Bibi Mare kwa lugha yetu, mama yake Beddu, kidevu juu. "Mababu zetu walishika mapanga, si vijiko. Damu safi haifichiki."

Na damu hiyo Nene Mare aliilinda kama yai. Yeye mwenyewe aliolewa na binamu yake. Binti yake Hasmi, mama yake Cenning, akamwoza kwa Sahabu, mtoto wa kaka yake wa tumbo moja. Hilo halikumshangaza mtu kijijini. Kumwoa wa mbali ndiko kunakohitaji maelezo.

Basi Cenning hukaa karibu na jiko la mjomba, akisubiri makoko ya sukari, akiuliza maswali.

"Mjomba, meno yako yalikwenda wapi?"

"Yalikwenda mjini Makassar kutafuta kazi."

"Yote?"

"Lilitangulia moja. Likaona maisha yapo, likawaita wenzake."

"Na yangu yanakwenda huko huko?"

Beddu alikoroga sukari. Alikuwa na meno ya bandia aliyotengenezewa na fundi meno wa barabarani, mwenye kibanda chenye picha ya tabasamu kubwa. Yalimbana hata akayavaa Ijumaa na harusini tu. Siku nyingine alikuwa kibogoyo, na njia anayopita mpwa wake aliijua hatua kwa hatua. Kwanza fizi huvimba na kutoa damu. Kisha harufu, ile inayowafanya watoto wenzio wasikae nawe. Kisha meno ya utotoni yanalegea na kudondoka kabla ya wakati wake, fizi zinapona, kila mtu anashukuru Mungu. Halafu yanaota meno ya ukubwani, mazuri, imara, na ugonjwa unarudi kuyachukua nayo. La mwisho lilimtoka Beddu akiwa na miaka kumi na sita, akitafuna mhogo. Lilikuwa jeupe, zima, na mzizi wake wote. Halikuwa na tundu hata la sindano. Hata hivyo watu walisema ni sukari.

Cenning alikuwa amekwisha kupoteza meno kadhaa, na Nene Mare aliyapokea kwa furaha. La chini alilirusha juu ya paa, la juu akalitupa chini ya sakafu ya nyumba, iliyoinuliwa kwa nguzo, katikati ya kuku, kama ilivyo desturi, ili jipya liote likielekea upande huo. "Mjukuu wangu ana haraka ya kukua," aliwaambia majirani. "Wenzake bado wananyonya vidole, yeye anabadili meno!"

Usimcheke bibi. Wenye vyeti walikuwa na mizaha yao. Kwenye kliniki ya kata, daktari wa meno wa wakati huo alimfunua Cenning mdomo, akamgeukia Hasmi akamgombeza: mnapika sukari, mnamlisha sukari, mnategemea nini? Chumba cha pili, muuguzi alitazama viganja, akatoa mafuta ya kupaka. Mmoja aliangalia mdomo, mwingine aliangalia mikono, na kati yao palikuwa na ukuta wa mbao unaopitisha hata kikohozi. Hakuna aliyeuvuka. Na miaka ishirini nyuma, Beddu alipita vyumba hivyo hivyo viwili akarudi nyumbani na tope la maneno hayo hayo.

Hasmi alichoka kugombezwa. Akamshonea mtoto mashati ya mikono mirefu. "Ukimwamkia mtu, vuta mkono wa shati ufunike kiganja. Unasikia? Mguse kwa kitambaa, si kwa ngozi." Kwetu mtoto haagi wala hasalimu mkubwa bila kuushika mkono wake na kuugusisha kwenye paji la uso. Cenning aliwaamkia watu wa kijiji kizima kwa kitambaa.

Siku moja, akitafuna wali tu, damu ilimjaa mdomoni. Hasmi alikuwa shambani kuvuna. Beddu akafunika jiko, akambeba mtoto mabegani, wakateremka mpaka kliniki.

Walimkuta daktari mpya wa meno, mwanamke kutoka mji wa Parepare, Rosmina kwa jina, mwenye sauti ya muuza samaki.

"Nani mgonjwa hapa? Wewe au farasi wako?"

"Mimi," Cenning akasema. "Huyu si farasi, ni mjomba. Hana meno."

"Farasi asiye na meno hauziki. Teremka, panda kiti changu, hiki kinakwenda juu chenyewe."

Daktari alivaa glavu, akatazama. Akatazama tena. Aligusa jino kwa kidole, likacheza kama kigingi kwenye matope. Beddu alisimama karibu na mlango, kaziba mdomo, akisubiri kugombezwa.

"Nisamehe, Daktari," akasema mapema ili yaishe. "Sisi ni watu wa sukari."

"Nani amekuambia ni sukari?"

"Wote."

"Sukari hutoboa jino. Haya hayana tundu. Jino ni zima, kinachokufa ni nyumba yake." Akakunja uso. "Lakini mtoto wa miaka mitano? Sijui, Daeng," akasema, akimwita Beddu kwa heshima ya kwetu. "Nitakupa dawa ya kusukutua, mrudi wiki ijayo. Lazima nifikiri."

Basi, ingeishia hapo. Angefikiri, wangerudi, wasingerudi, unajua mwenyewe mambo yanavyokwenda. Lakini daktari alivua glavu, akaipuliza moja mpaka ikawa kama jogoo, akaichora macho, akampa mtoto. Cenning alifurahi mno hata akasahau shati la mama. Aliushika mkono wa daktari kwa viganja vyake viwili vitupu akaugusisha kwenye paji la uso.

Daktari hakuuachia.

"Ngoja," alisema. "Ngoja kidogo, mama." Akavigeuza viganja vile juu. Akapitisha kidole gumba juu ya ngozi ya manjano, juu ya mipasuko. "Vua viatu." Akatazama nyayo. Kisha akainua macho polepole, akamtazama mtu aliyesimama mlangoni kaziba mdomo kwa kiganja chenye rangi ile ile.

"Daeng," akasema, na sauti ya muuza samaki ilikuwa imekwisha. "Nionyeshe mkono wako."

Beddu akaunyosha. Ikambidi auondoe mdomoni.

"Yalidondoka ukiwa na miaka mingapi?"

"La mwisho, kumi na sita."

"Mazima?"

"Mazima, Daktari. Meupe."

"Na baba na mama yako ni ndugu?"

"Binamu. Na wazazi wa huyu pia. Kwani ni kosa?"

"Si kosa." Rosmina alikaa kwenye kiti cha mgonjwa, kikalia. "Nilisoma habari zenu darasani, nusu ukurasa. Nikadhani sitawahi kukutana nanyi. Mikono na mdomo ni ugonjwa mmoja, Daeng. Mmoja tu. Mmezaliwa nao."

Miaka yote ile Beddu alikuwa ameubeba ulaji wake wa makoko ya sukari kama dhambi. Alitoka nje kama anayekwenda kutema mate, akasimama chini ya mti uliojaa popo, akalia. Cenning akamfuata na jogoo wake wa mpira.

"Mjomba, daktari kakuchoma sindano?"

"Ndiyo, mama."

"Ukitulia haiumi," Cenning akamfundisha.

Rosmina aliwaandikia barua ya hospitali kubwa, na Makassar walikwenda wote: Hasmi, Sahabu, Beddu na mtoto. Wakapigwa picha ya taya, wakatolewa damu. Kwenye picha meno ya Cenning yalielea kama taa zisizo na nguzo, mfupa wa chini yake umeliwa. Damu nayo ilisema vile vile. Waliporudi kliniki, Rosmina aliwaeleza hivi: kila mzazi amebeba nusu ya jambo, na nusu haimdhuru mtu. Mtoto akipokea nusu ya baba na nusu ya mama, jambo linatimia. Mwili wake unashindwa kupigana na vijidudu vya ufizi ambavyo sote tunavyo mdomoni. Waliooana ndugu hukutana na nusu hizo mara nyingi zaidi, basi. Hakuna laana, hakuna sukari.

Sahabu, mtu mpole asiyesema, aliuliza swali moja: "Meno ya ukubwani yataokoka?"

"Yanaweza. Magego ya kwanza yako chini ya ufizi, yanakaribia. Yakitoka yakayakuta haya mabovu bado yapo na vijidudu vyake, yatashikwa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo tuyang'oe yaliyobaki sasa, yote, tumpe dawa, mdomo upumzike safi kabla wageni hawajaingia. Baada ya hapo ni mswaki na kuja kwangu, maisha yote. Na tusichelewe."

Walipolifikisha hilo nyumbani, Nene Mare alikuwa anatwanga. Mchi ukasimama hewani.

"Yote?"

"Yote, Mama," Hasmi alisema.

"Mtoto ana meno ya kuhesabu kwa mkono mmoja na nusu, na huyo wa Parepare anataka kuyamaliza? Na harusi ya Tenriawali, binti wa ukoo wetu? Cenning ndiye atakayekaa kando ya bibi harusi, kavaa dhahabu, mbele ya ukoo mzima. Akae kibogoyo? Ngojeni harusi ipite. Mpunga ukiingia ghalani tu."

"Daktari kasema tusichelewe."

"Daktari! Kwanza kasema ndoa zetu ni mbovu. Sasa anataka meno. Kesho atataka nyumba."

"Hakusema mbovu, Shangazi," Sahabu akajaribu.

"Wewe nyamaza, mimi nilikutafutia mke."

Hasmi akaangalia sakafu. Na hapo mambo yangelala, kwa kuwa katika nyumba ile neno la Nene Mare lilikuwa ndilo paa. Lakini Beddu alikuwa amevaa meno yake ya bandia tangu Makassar. Aliyatoa, ya juu na ya chini, akayaweka kwenye mkeka mbele ya kinu cha mama yake. Midomo ikamwingia ndani, akawa mzee wa miaka themanini.

"Mama, unatwanga nini hapo?"

"Kuku. Unajua."

"Kuku wa nani?"

Nene Mare alitazama ndani ya kinu.

"Wa kwangu. Tangu nikiwa na miaka kumi na sita unanitwangia nyama. Wenzangu walioa, wakahama, wakajenga, mimi nakula kwa mchi wa mama yangu. Sijakulaumu hata siku moja. Ulinitwangia ukiwa na homa. Ulinitwangia siku tuliyomzika Baba." Maneno yalimtoka yakivuja pembeni, kama yanavyomtoka asiye na meno, naye safari hii hakuziba. "Lakini wewe una miaka sabini. Mtoto ana mitano. Nani atamtwangia?"

Kuku walisikika chini ya sakafu. Nene Mare aliyaangalia yale meno ya bandia kama mtu anayeonyeshwa kitu kwa mara ya kwanza, na kumbe ameyaosha mara nyingi.

"Kwa nini hukuniambia kuwa unaumia?" akasema hatimaye.

"Nilikuwa nimeziba mdomo, Mama."

Bibi akavuta pua kwa nguvu. Akainua mchi, akatwanga mara mbili za hasira, akausimamisha tena.

"Mkimpeleka kwa huyo mwanamke," alisema, "nitampakata mimi. Hasmi akiona damu anazimia. Nilimzaa, namjua."

Na kweli alimpakata. Alipanda kile kiti kinachokwenda juu chenyewe, akasoma dua kwa sauti ya kutisha, akamfunga mtoto kwa mikono yake miwili. Rosmina alimchoma dawa ya ganzi akifanya mizaha, lakini mizaha ilikwisha mapema, maana Cenning alilia. Usidhani hakulia. Alilia kwa jina la mjomba, na mjomba alisimama mlangoni akishika fremu, na alipoiachia pakabaki alama za jasho. Meno yale yalitoka kirahisi mno. Hilo ndilo lililomwumiza Nene Mare kuliko damu. "Hayakuwa yameshika kitu," alisema njiani, taratibu. "Mimi nasema anakua, kumbe hayakuwa yameshika kitu."

Jioni hiyo Cenning alikula barongko, ndizi iliyopondwa na kupikwa kwa mvuke ndani ya jani, iliyotiwa sukari ya mjomba. Alikula tatu, akaomba ya nne, akaambiwa akasukutue kwanza. Watoto wa jirani wakachungulia. "Cenning kawa bibi! Nene Cenning!" Naye akawafungulia mdomo wote, wazi kabisa, akawangurumia, wakakimbia wakicheka.

Harusini alikaa kando ya Tenriawali, kavaa dhahabu kichwani, bila jino hata moja. Shangazi mmoja wa mbali aliyezoea kusema alisema. Nene Mare alimgeukia mbele ya wageni.

"Ya mjukuu wangu yako safarini, yanakuja. Yako wewe yale ya mbele nayaona yanaaga."

Fizi za mtoto zilipoa zikawa za waridi. Harufu ikaondoka. Mikono ilipewa dawa ya ngozi na daktari wa Makassar, ikalainika kiasi. Ngozi ya manjano haikwisha wala haitakwisha. Mashati ya mikono mirefu Hasmi aliyakata akashonea mito. Na asubuhi moja, Beddu akimpiga mswaki mpwa wake karibu na jiko, kidole kiligonga kitu kigumu nyuma kabisa ya taya. Akamwinamisha kichwa kwenye mwanga. Ncha nyeupe ya gego, na ufizi ulioizunguka umetulia, haujavimba, hautoi damu.

"Mjomba, mbona umenyamaza?"

"Kuna mgeni."

"Karudi kutoka Makassar?"

"Huyu hajawahi kwenda popote. Huyu ni wa hapa."

Wakateremka mbio mpaka kliniki. Rosmina alilisukuma lile gego kwa chombo chake, likakataa kutikisika. Akalisukuma tena kwa furaha tu. Kisha akavua glavu na kumtazama Beddu.

"Daeng, jambo hili halikai nyumba moja. Ukoo wenu umeoana mlima mzima. Mimi siujui, wewe unaujua."

Tangu hapo Beddu huzunguka. Huenda na kikapu cha sukari, kwa kuwa sukari hufunguliwa milango, na akikaribishwa huyatoa meno yake ya bandia, huyaweka mezani, huonyesha viganja, kisha huomba kuwaona watoto. Kwingine wanamwitia watoto. Kwingine wanafunga dirisha. Bonde la pili yupo mtoto wa miezi kumi na nane aliyevishwa soksi mikononi kwenye joto hili, na mama yake anasema ni upele tu, na ukuta wa mbao wa kliniki bado umesimama pale pale.

Mtoto huyo unamjua. Ni wa jirani yako, au wa dada yako, au ni wako. Usisubiri mavuno, usisubiri harusi, usisubiri meno yaanze kucheza. Weka chini unachosoma. Mvue soksi. Tazama viganja, tazama nyayo, mfungue mdomo utazame fizi, vyote kwa mara moja, na ukiona ngozi nene ya manjano na damu ya ufizi mpeleke kwa daktari mmoja avione vyote viwili. Akikugombeza kuhusu sukari, kaa kwenye kiti chake usitoke mpaka ashike mkono wa mtoto. Nenda leo. Kliniki hufungwa mchana.